Toka yatima wa Mpala hadi vidole vitano: namna watoto wa mashariki mwa Kongo walivyofundishwa tabia ya Kikristu

Kila Jumamosi mchana viwanja vya parokia nyingi za Kalemie, Bukavu, Goma na Lubumbashi hujaa watoto. Wengine wamefunga kitambaa shingoni, wengine wamekuja na mdogo wao mgongoni kwa sababu mama yuko sokoni. Wanaimba, wanapanga mistari, wanasikiliza kisa cha mtakatifu, kisha kiongozi wao anawauliza nani wiki hii alichota maji bila kusukumwa, nani aliomba msamaha, nani alirudisha pesa iliyobaki dukani. Mpita njia anaona mchezo wa watoto tu. Lakini kazi hiyo ya kulea roho na tabia ya mtoto ina historia ndefu kando ya ziwa Tanganyika, na sehemu moja ya historia hiyo haifurahishi kuisikia.

Yote yanaanzia mbali, Algeria, katika mwaka wa njaa. Kunako 1867 na 1868 njaa na magonjwa viliua watu wengi sana katika koloni hilo la Ufaransa. Askofu mkuu wa Alger, Charles Lavigerie, alikusanya watoto zaidi ya 1,000 waliobaki bila wazazi. Aliwaweka kwenye nyumba za yatima, akawafundisha dini na kilimo, na walipokomaa akawaoza wao kwa wao na kuwapa vijiji vyao wenyewe. Mwaka 1868 aliunda shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wamewaita Mapadri Weupe mpaka leo kwa sababu ya kanzu zao. Mwaka uliofuata aliunda shirika la masista. Hesabu yake ilikuwa wazi: mtu mzima amekwisha kushikwa na desturi za ukoo, lakini mtoto asiye na ukoo anaweza kulelewa upya toka mwanzo, na watoto wa namna hiyo wakioana, kijiji kizima kinakuwa cha Kikristu.

Lavigerie alipotuma mapadri wake kwenye Maziwa Makuu mwaka 1878, walikuja na mpango ule ule. Walifika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Ujiji wakati huo ilikuwa bandari ya pembe za ndovu na ya watumwa waliovushwa kutoka ng'ambo, yaani Manyema, Marungu, Urua na kwingineko ndani ya Kongo ya leo. Wengi kati ya watumwa hao walikuwa watoto. Mapadri wakaanza kuwalipia kwa vitambaa na bidhaa nyingine. Neno lao lilikuwa kukomboa, na pesa za kazi hiyo zilitoka kwa Wakristu wa Ulaya waliochangishwa makanisani.

Kwa mtoto aliyekuwa na kamba shingoni, kukombolewa kulikuwa wokovu wa kweli. Hilo halina ubishi, maana wengi wangekufa njiani kuelekea pwani. Lakini mtoto hakuulizwa anataka kwenda wapi, wala hakuna aliyekuwa na njia rahisi ya kumrudisha kwao. Jambo hilo lilileta damu mapema. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, katika Burundi ya leo, mapadri wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao mlei D'Hoop, waliuawa na watu wa eneo hilo. Chanzo cha ugomvi kilikuwa mtoto mmoja: wenyeji walimdai, mapadri wakakataa kumtoa. Vitabu vya misioni vimewakumbuka watu hao watatu kwa heshima, na ni haki yao. Ila mtoto mwenyewe, aliyekuwa kiini cha yote, amebaki pembeni mwa habari hiyo.

Baada ya hapo nguvu zilielekezwa zaidi upande wa magharibi wa ziwa. Misioni ya Kibanga ilianzishwa 1883. Mwaka 1885 mapadri walikabidhiwa boma la Mpala, ambalo Mbelgiji Émile Storms alikuwa amelijenga miaka miwili kabla kwa jina la shirika la Mfalme Léopold II. Mwaka 1887 alifika Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, ili kuzilinda misioni hizo kwa bunduki dhidi ya wateka watumwa. Hakurudi tena kwao. Alioa mwanamke wa hapo, Agnes Atakaye, akazaa watoto, akafa mwaka 1927 upande wa Moba. Wazee wa Marungu bado wanalijua jina la Kapteni Joubert kuliko majina ya magavana wengi.

Mtoto wa Kibanga ao wa Mpala alifundishwa nini hasa? Siku yake iliendeshwa na kengele. Kengele ya kuamka, ya sala, ya katekisimu, ya shamba, ya kula, tena ya katekisimu, tena ya sala. Katekisimu ilikuwa maswali na majibu, na kila jibu lilishikwa kwa kichwa neno kwa neno. Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kwa haraka: miaka miwili awe anaomba, miaka miwili mingine awe mkatekumeni, jumla minne. Mapadri wengi wa zamani zake waliona ni muda mrefu mno. Yeye alisema watu wapimwe kwanza katika maisha yao, si katika kujibu maswali tu, na hapo alikuwa mbele ya wengi.

Lugha ya mafundisho hayo ikawa Kiswahili. Watoto walitoka kwa Waluba, Watabwa, Wabembe, watu wa Manyema, kila mmoja na lugha yake, na wengine walitekwa wadogo kiasi cha kusahau lugha ya mama. Kiswahili walikuwa wamekisikia kwenye msafara, kwa wale wale waliowafunga. Lugha ya msafara wa watumwa ikageuka lugha ya Baba Yetu. Wanaodai leo kwamba Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kililetwa na biashara peke yake husahau madarasa haya ya watoto.

Fadhila ziliorodheshwa kama zinavyoorodheshwa hadi sasa: imani, matumaini na mapendo, kisha busara, haki, nguvu na kiasi. Lakini katika maisha ya kila siku iliyotangulia zote ilikuwa utii. Mtoto mwema ni yule aliyesikia kengele. Ukitazama hali ilivyokuwa, si ajabu: misioni ilikuwa baba, mama, mjomba, hakimu na mwenye shamba kwa wakati mmoja. Kijana alipofika umri wa kuoa, hakukuwa na ukoo wa kuzungumza mahari wala mjomba wa kupinga. Alipewa mke, kiwanja na jembe. Wako waliokubali kwa moyo, wakawa mababu wa familia za Kikristu zinazojulikana leo Moba na Kalemie. Wako pia waliotoroka usiku.

Serikali ya Léopold nayo iliuona mpango huo kuwa wa faida. Amri ya tarehe 12 Julai 1890 iliweka chini ya ulinzi wa Serikali watoto waliokombolewa, waliotupwa ao waliobaki yatima, na amri nyingine ya 1892 iliruhusu misioni kuwapokea kwa masharti hayo hayo. Huko Boma waliwekwa kwenye makoloni ya watoto yaliyofanana zaidi na kambi, na wengi waliishia jeshini, katika Force Publique. Upande wa Kisantu Wajezuiti walikuwa na mashamba yao yenye vikanisa vidogo, yakiendeshwa na watoto. Tume ya uchunguzi iliyotumwa Kongo 1904, na kutoa ripoti yake 1905, ilisema wazi kwamba wengi wa wale walioitwa yatima walikuwa na ndugu zao hai. Kwa desturi za huku, mtoto aliyefiwa na baba bado ana baba wadogo, wajomba na bibi. Neno yatima, kama Wazungu walivyolielewa, lilifuta watu hao wote kwa mara moja.

Ilibidi kitu kibadilike, na upande wa Tanganyika kilibadilika polepole kwa njia ya shule. Victor Roelens, Mbelgiji, alifika 1892. Mwaka uliofuata ilianzishwa misioni ya Baudouinville, kwenye uwanda wa juu, Kirungu ya leo katika eneo la Moba. Roelens alikuwa mtu mkali, mwenye maneno makavu kuhusu desturi za watu, na barua zake nyingine leo zinamkasirisha msomaji. Lakini aliamini jambo moja ambalo wakoloni wengi walilicheka: kwamba mtoto wa Kongo anaweza kujifunza Kilatini, falsafa na teolojia, na kusimama altareni. Mwishoni mwa karne ya 19 wavulana wa kwanza walianza kusoma Kilatini pale Mpala.

Mmoja wao alikuwa Stefano Kaoze, Mtabwa aliyezaliwa kunako 1886. Kaoze hakuwa mtoto wa kununuliwa. Alikuwa na watu wake, na alikwenda shuleni akijua anatoka wapi. Alisoma kwa karibu miaka 18, muda ambao wenzake wengi waliacha njiani, na tarehe 21 Julai 1917 akapadirishwa Baudouinville. Ndiye padri wa kwanza Mkongomani wa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Inafaa kusema hivyo kwa uangalifu, maana ufalme wa Kongo, upande wa bahari, ulikuwa na mapadri wake na hata askofu wake, Henrique, katika karne ya 16.

Kabla hajawa padri, Kaoze alifanya jambo ambalo pengine ni kubwa kuliko upadri wake wenyewe kwa habari hii. Mnamo 1910 na 1911 gazeti moja la Ubelgiji, La Revue congolaise, lilichapisha maandishi yake kwa Kifaransa yenye kichwa La psychologie des Bantu. Huyu alikuwa kijana wa seminari. Alieleza namna watu wake wanavyofikiri, wanavyokumbuka, wanavyoamua. Mtoto aliyelelewa na misioni aliandika kwamba nyumbani kwao palikuwa na akili na utaratibu kabla ya kengele. Hakuwapinga walimu wake. Alibaki padri mtiifu hadi kifo chake mwaka 1951. Lakini maandishi hayo yanaonyesha kwamba kukuza tabia ya mtoto hakukuanza siku padri alipotia nanga Mpala.

Ushahidi mwingine uko kaskazini, kwa Warega wa Kivu na Maniema. Huko kulikuwa na bwami, chama kilichowapandisha watu daraja kwa daraja kwa njia ya methali, michezo na vitu vidogo vya pembe na mti. Kila kitu kilikuwa na fundisho lake kuhusu kiasi, heshima, ukarimu na kutokuwa mgomvi. Kulikuwa pia na kamba iliyofungwa vitu vingi: ganda la konokono, jino, jani, kijiti. Mzee akigusa kitu, kijana anasema methali yake. Serikali ya kikoloni iliona katika bwami hatari ya siasa, ikaipiga marufuku kabisa mwaka 1948. Wamisionari wengi hawakulia. Hapo palipotea shule ya maadili iliyokuwa tayari imejengwa, na waliokuja kufundisha maadili hawakuitambua.

Shule zenyewe zilienea haraka baada ya mapatano ya 26 Mei 1906 kati ya Vatikano na Serikali ya Léopold. Misioni ilipewa ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kila kituo, nayo ikaahidi kufungua shule zenye mafundisho ya kilimo na kazi za mikono. Toka hapo hadi miaka ya 1950, kwa mtoto wa Kongo kusoma kulikuwa karibu sawa na kusoma dini. Shule za misioni za Waprotestanti, waliokuwapo Bunkeya huko Katanga toka 1886 na Frederick Stanley Arnot, zilifanya kazi hiyo hiyo kwa shule ya Jumapili na Biblia, ila hazikupata msaada wa fedha wa Serikali hadi 1948. Shule za Serikali zisizo za misioni zilikuja 1954, wakati wa waziri Buisseret, na kuzusha ugomvi mkubwa. Ugomvi huo ulikuwa wa Wabelgiji wenyewe zaidi kuliko wa wazazi, ambao walitaka tu mtoto asome.

Nje ya darasa palizaliwa kitu chenye maisha marefu zaidi. Mwaka 1952, Bukavu, Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe alianzisha mwendo wa watoto na vijana ulioitwa Xaveri, kwa jina la Mtakatifu Fransisko Xaveri. Tofauti na katekisimu ya kukariri ilionekana mara moja. Mtoto alipewa kazi ya kufanya mtaani, alikuwa na kikundi chake, alijifunza kuongoza wenzake, na tabia yake ilipimwa kwa matendo. Xaveri ilivuka mpaka ikafika Burundi, Rwanda na nchi nyingine za Afrika. Defour huyo huyo ndiye baadaye alikusanya na kuchapisha Bukavu methali za ile kamba ya Warega. Mmisionari mmoja, katika maisha yake, alijenga chombo kipya na kuokota kile cha zamani kilichokuwa kimetupwa.

Miaka 12 baadaye ulikuja mtihani ambao hakuna katekisimu iliyouandalia. Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, alikuwa sista wa shirika la Jamaa Takatifu na mwalimu wa watoto wa shule ya msingi huko Bafwabaka. Wakati wa uasi wa Wasimba alichukuliwa pamoja na masista wenzake hadi Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964 kanali Olombe alitaka kumlazimisha kuwa wake, sista akakataa, naye akamuua. Alikuwa na miaka 24. Walioshuhudia walisema alimsamehe muuaji wake kabla ya kukata roho. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Katika ibada ile ile Papa alitamka msamaha kwa muuaji, kwa jina la Kanisa lote. Zamani watoto wa Kongo walisimuliwa watakatifu wa Italia na Ufaransa, wenye theluji na majumba ya watawa. Sasa walikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha kwenye ubao mweusi kama wa kwao.

Kati ya kifo chake na sherehe hiyo, mafundisho yenyewe karibu yazimwe. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliwakataza raia kutumia majina ya Kikristu. Mtoto akabatizwa kwa jina ambalo hangeweza kuliandika kwenye daftari la shule. Kardinali Malula alipopinga, alilazimika kukaa Roma kwa miezi. Mwaka huo huo vyama vyote vya vijana vya makanisa vilipigwa marufuku, Xaveri na skauti za Kikatoliki pamoja navyo. Kijana alipaswa kuwa na chama kimoja tu, JMPR, tawi la vijana la chama cha Serikali, ambalo lililazimishwa hata ndani ya seminari. Mwaka 1974 Krismasi iliondolewa kwenye siku kuu za taifa. Mwisho wa mwaka huo Serikali ikazichukua shule zote za makanisa. Misalaba iliteremshwa ukutani, picha ya Mobutu ikabaki. Saa ya dini ikafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na somo la uraia na siasa, yaani mafundisho ya Mobutu mwenyewe.

Mtoto wa miaka kumi wa mwaka 1975 alianza siku yake kwa kucheza na kuimba sifa za kiongozi mbele ya bendera. Ni vema kukumbuka hapa kwamba kengele na utii havikuwa vimetoka popote, mwenye kuzipiga tu ndiye aliyebadilika. Shule iliyozoea kupima wema kwa kusikia amri haikuwa na kinga kubwa amri ilipotoka kwa mwingine.

Mafundisho ya dini yalikwenda wapi? Yalihamia nyumbani. Maaskofu walikuwa wamekwisha kuamua toka 1961 kwamba Kanisa la Kongo lijengwe kwenye jumuiya ndogo za mtaa, zile ambazo mashariki huitwa shirika. Uamuzi huo, ambao wakati wake ulionekana kama karatasi tu, ndio uliookoa kazi. Watoto walikusanywa uani kwa mama mmoja, chini ya mwembe, na katekista asiye na mshahara. Kwa mara ya kwanza toka Mpala, aliyefundisha alikuwa jirani wa mtoto, anayemjua baba yake, na anayemwona wiki nzima. Kinshasa nako Padri Matondo kwa Nzambi, aliyekuja kuwa askofu, alianzisha Bilenge ya Mwinda, vijana wa mwanga, wanaopita hatua kwa hatua katika malezi yaliyochukua mfano wa jando na unyago wa zamani. Marufuku ya vyama vya kigeni ilizaa vyama vya kienyeji. Mobutu aliitafuta authenticité, akaipata mahali ambapo hakuipanda.

Uchumi ulipoanguka na shule kukosa chaki na mishahara, Serikali ilirudi kwa makanisa. Mapatano yalisainiwa tarehe 26 Februari 1977: shule zikabaki za taifa, uendeshaji ukarudi kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, baadaye na Waislamu. Ndiyo asili ya shule za konvansyo ambamo watoto wengi wa Kongo wanasoma hadi leo. Saa ya dini ilirudi. Xaveri na skauti walirudi. Kwa watoto wadogo likaenea kundi la Kizito-Anuarite, lenye majina ya wawili: Kizito, mdogo kuliko mashahidi wote wa Uganda, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 akiwa na miaka kama 14, na sista wa Isiro. Ndio hao wanaojaa viwanjani Jumamosi.

Saa ya dini shuleni haikupata tena nguvu ya zamani. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Septemba 2019, madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto wanne kwa benchi moja hana nafasi ya kujua tabia ya kila mmoja. Vita navyo vimefundisha somo kinyume. Upande wa Tanganyika, mgogoro wa Wabatwa na Waluba ulioenea zaidi toka 2016 uliwaona watoto wakishika mishale. Kivu, makundi yenye silaha yamewachukua kwa miaka zaidi ya 25. Yanajua kile alichokijua Lavigerie, kwamba mtoto aliyetengwa na ukoo wake hufinyangwa kirahisi.

Tarehe 2 Februari 2023, kwenye uwanja wa Mashahidi Kinshasa, Papa Fransisko aliwaambia vijana watazame mkono wao. Aliwapa neno kwa kila kidole: gumba ni sala, cha kuonyeshea ni jumuiya, cha kati ni uaminifu, cha pete ni msamaha, kidogo ni huduma. Mrega yeyote mzee angeitambua njia hiyo, maana ni kamba ile ile, safari hii imefungwa mwilini. Utii haukupewa kidole.

Kwenye kidole cha kati Papa alitaja jina la kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Floribert alizaliwa 1981. Alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, ambako alishughulika na maibobo, watoto wa mtaani, akiwasaidia waende shule kupitia Shule ya Amani. Kwa kazi alikuwa afisa wa OCC, ofisi ya kukagua bidhaa, mpakani mwa Rwanda. Mwaka 2007 alizuia shehena ya mchele ulioharibika isiingie sokoni. Alipewa pesa, akakataa. Akaongezewa, akakataa tena. Mwanzoni mwa Julai alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri Roma, katika basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta, wakati Goma yenyewe ilikuwa imekwisha kuanguka mikononi mwa waasi wa M23 toka Januari.

Watu wa Goma walifuata ibada hiyo kwa simu na redio. Watoto wa mtaani aliowafundisha Floribert wakati ule sasa ni watu wazima, wenye watoto wao. Kwenye soko la Virunga mchele bado unapimwa kwa kikombe, na bado kuna siku unanuka.